Kwa Nini Tunangoja? Dalili za Hatari na Mambo Yanayotuchelewesha

Leo tutazungumza juu ya kungoja.

Mama wengi wanazijua dalili za hatari. Zimeandikwa katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto unachopewa kliniki, zimebandikwa kwenye kuta za zahanati, na muuguzi huzitaja kila siku ya kliniki. Hata hivyo, mama hufika akiwa amepoteza damu nyingi, na mtoto hufika akiwa hawezi tena kunyonya. Ukiuliza shida ilianza lini, jibu mara nyingi ni, "Tangu juzi." Kwa hiyo tatizo si kutojua peke yake. Kuna jambo linalokaa katikati ya kujua na kuondoka nyumbani, na hilo ndilo tunalolitafuta leo.

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wanaojifungua. Walieleza kwamba kuna kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Pili ni kuchelewa kufika, kwa sababu ya barabara, umbali na nauli. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpaka leo wafanyakazi wa afya hutumia mafundisho hayo. Kuchelewa kwa pili na kwa tatu huonekana na watu wote: gari limekwama, au foleni ni ndefu. Kuchelewa kwa kwanza hakuonekani. Hufanyika ndani ya nyumba, kwa sauti ya upole, na mara nyingi kwa nia njema. Hebu tutazame mambo matano yanayokuleta.

1. Dalili inafanana na mambo tuliyoyazoea

Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya miezi minane. Anamwambia mama mkwe wake:

"Mama, kichwa kinaniuma tangu jana, na macho yanaona vimulimuli."

"Ni jua hilo, mwanangu. Kaa kivulini unywe maji. Hata mimi mimba ya mumeo ilinivimbisha miguu hivyo hivyo."

Hakuna ubaya katika maneno hayo. Mama mkwe anampenda mkaza mwanawe, na anasema aliyoyaona kwa macho yake. Ni kweli kwamba mama mjamzito huumwa na kichwa kwa jua, na miguu huvimba jioni baada ya kusimama sana. Lakini kichwa kinachouma sana bila kuacha, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu ni dalili za presha ya mimba. Ugonjwa huu huanza baada ya wiki ya 20. Presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Ikiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba: mama anaanguka, anatetemeka na kupoteza fahamu, na maisha ya wawili yanakuwa hatarini.

Dawa ya kutuliza maumivu humdanganya mama huyu. Kichwa huacha kuuma kwa muda, lakini presha iko pale pale. Presha haipimwi kwa mkono juu ya paji la uso. Hupimwa kwa mashine, na kipimo hicho huchukua dakika chache tu. Kituoni kuna dawa za kushusha presha, na kuna sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia na kutibu kifafa hicho. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba presha hii huweza kuja hata baada ya kujifungua, mpaka wiki ya sita. Kwa hiyo usiseme, "Nimeshazaa, hatari imepita."

Mazoea yanafanya vivyo hivyo kwa damu. Kila mama hutoka damu baada ya kuzaa, kwa hiyo anayetoka damu nyingi kupita kiasi huambiwa, "Ni uchafu unatoka, utakuwa safi." Lakini pedi mbili au tatu zikilowa chapachapa ndani ya nusu saa, hiyo si kawaida. Mama anaweza kufa kwa kutoka damu ndani ya saa chache, hata kama alikuwa na afya njema asubuhi yake.

Basi ukiona dalili, usijiulize kama kuna mtu aliwahi kuwa nayo akapona. Jiulize kama imo katika orodha ya hatari. Ikiwa imo, ondoka. Kama wewe ni mama mkwe au nyanya, sauti yako ina uzito nyumbani. Neno lako moja, "Twende tukapimwe," linaweza kuokoa watu wawili.

2. Dalili inakuja na kuondoka

Mtoto amechemka usiku kucha. Mama hajalala. Alfajiri mwili unapoa, mtoto anaomba chai na kucheza mlangoni. Mama anashukuru Mungu na kwenda shambani. Usiku homa inarudi. Siku ya tatu mtoto amelegea, viganja vimekuwa vyeupe.

Malaria ina tabia hiyo. Vijidudu vyake huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Zinapopasuka, homa hupanda. Baadaye vijidudu huingia katika chembe nyingine na homa hushuka. Kwa hiyo mtoto aliyepoa asubuhi huenda bado ana ugonjwa, na damu yake inazidi kupungua. Dawa ya kushusha homa nayo hupoza mwili bila kuua vijidudu. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama anacheza. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kabla ya nusu saa kuisha.

Degedege nayo ni vivyo hivyo. Mtoto anatetemeka, macho yanageuka, kisha anatulia na kulala. Nyumba nzima inapumua. Hapa Pwani wazee wengine husema ni nyuni, na mtoto hufukizwa au kupelekwa kwa mganga. Sikuja kugombana na wazee. Ninachosema ni kwamba degedege inaweza kutoka kwa malaria kali, kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa sukari kushuka katika damu, na kila saa inayopita huweza kumdhuru mtoto ubongo. Kituo cha afya kwanza. Mganga hahami usiku mmoja. Ukitaka kwenda kwake kesho utamkuta.

3. Tunaanza dukani

Mtoto anakohoa. Tunanunua dawa ya kikohozi. Haikusaidia, tunanunua nyingine. Halafu jirani anatupa vidonge alivyobakiza. Siku nne zimekwisha, na pesa zilizotumika zingetosha nauli ya kwenda na kurudi zahanati.

Kununua dawa hutufanya tuhisi kwamba tumeshachukua hatua. Ndiyo sababu duka hutuchelewesha zaidi kuliko kukaa bure. Dawa ya kikohozi haitibu nimonia. Katika nimonia mapafu hujaa maji na usaha, hewa haipiti vizuri, na mtoto hulazimika kupumua mbiombio. Vidonge vilivyobaki kwa jirani huenda si vya ugonjwa huo, wala si kipimo cha umri wa mtoto wako.

Unaweza kumchunguza mtoto nyumbani bila chombo chochote ila saa au simu. Mngoje atulie au alale. Inua nguo yake. Tazama tumbo na kifua, uhesabu kila mara yanapopanda, kwa dakika moja kamili. Kumbuka nambari hizi:

- Mtoto wa chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi kwa dakika ni hatari.
- Mtoto wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka: mara 50 au zaidi.
- Mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5: mara 40 au zaidi.

Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

4. Tunaogopa

Mama hawezi kukiri mbele ya watu kwamba anaogopa, kwa hiyo atasema ana kazi nyingi. Tuzitaje hofu hizo moja moja.

Wapo wanaoogopa kusikia habari mbaya. Anadhani asipopimwa, ugonjwa hautakuwepo. Lakini ugonjwa haungoji upewe jina ndipo uanze kazi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Wapo wanaoogopa kupimwa virusi vya ukimwi kliniki. Kipimo hicho kinakusaidia wewe na mtoto. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri anaweza kujifungua na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Majibu yako ni siri yako na mhudumu anayekutibu.

Wapo wanaoogopa kupasuliwa. Hofu hii humfanya mama abaki nyumbani na uchungu wa siku nzima, usiku mzima. Kumbuka kwamba kwenda mapema kunampa mhudumu nafasi ya kujaribu njia nyingine. Anayefika mwishoni ndiye ambaye mara nyingi hubakiwa na upasuaji peke yake, naye amekwisha kuchoka.

Wapo wanaoona haya. Msichana aliyepata mimba akiwa shuleni huficha tumbo na huficha damu pia. Mama mwenye uchafu unaonuka ukeni baada ya kuzaa hujifungia ndani, kumbe ana maambukizi katika kizazi. Mama anayelia kila siku baada ya kuzaa, hali wala halali, na moyoni anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huona aibu kusema kwa sababu watu wanamtarajia afurahi. Huo pia ni ugonjwa, nao una matibabu. Mweleze muuguzi kama ungemweleza juu ya homa.

Na wapo wanaoogopa kukemewa. Hofu hii haikuzuka hewani. Wapo wahudumu wenye maneno makali kwa mama aliyechelewa, aliyesahau kijitabu, au aliyevaa nguo chafu. Si haki, wala si sehemu ya matibabu. Likikupata, omba kuonana na msimamizi wa kituo, au peleka neno lako kwa kamati ya kituo, ambayo ndani yake wamo wanakijiji wenzako. Lakini usimwache mtoto afe kwa sababu ya ulimi wa mtu. Ukiogopa kusema peke yako, nenda na mtu mwenye ujasiri wa kusema.

5. Tunangoja ruhusa na pesa

Baba yuko kazini Mombasa au Nairobi. Unapiga simu, unaambiwa mteja hapatikani kwa sasa. Mama mkwe anasema, "Tumngoje mwenye mke." Hela ziko kwa baba. Mbuzi ni wa baba. Mwenye bodaboda anataka malipo kwanza. Kuna watoto wengine watatu, nani atabaki nao? Kila swali kati ya haya ni la kweli. Ubaya wake ni kwamba yanaulizwa saa nane za usiku, wakati damu inatoka.

Juu ya pesa, jua haki yako. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kutoka damu nyingi, kifafa cha mimba na degedege ni dharura. Pia jua mpangilio wa bima. Mwezi wa Oktoba 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Unaweza kujiandikisha kwa simu kwa kupiga *147#, au umwombe mhamasishaji wa afya ya jamii akusaidie. Jiandikishe wewe na watoto kabla ya kuugua. Uliza kituoni kwako ni huduma gani hulipiwi, na ni zipi zinataka mchango wako uwe umelipwa, kama vile kulazwa hospitalini. Ni afadhali kuuliza ukiwa mzima kuliko kuuliza ukiwa juu ya machela.

Orodha ya kubandika ukutani

Dalili moja tu kati ya hizi inatosha. Usingoje ziwe mbili.

Mama mjamzito:
- Kutoka damu ukeni, hata kidogo.
- Kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba.
- Kifafa au kupoteza fahamu.
- Maumivu makali ya tumbo.
- Homa.
- Maji ya uzazi kutoka kabla ya uchungu.
- Mtoto kuacha kucheza tumboni, au kucheza kidogo kuliko kawaida yake.
- Kupumua kwa shida.

Mama aliyejifungua, mpaka wiki 6:
- Damu nyingi, au damu iliyopungua kisha ikaongezeka tena.
- Homa, au uchafu unaonuka.
- Kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kifafa.
- Kupumua kwa shida au kifua kuuma.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto.

Mtoto mchanga, chini ya miezi 2:
- Kukataa kunyonya au kunyonya kwa udhaifu.
- Kupumua mbiombio au kifua kubonyea.
- Mwili kuwa moto au kuwa baridi.
- Kulegea, kutojongea mpaka aguswe.
- Degedege.
- Kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha.
- Macho au ngozi kuwa ya manjano siku ya kwanza, au manjano kufika viganjani na nyayoni.

Mtoto wa miezi 2 mpaka miaka 5:
- Kushindwa kunywa au kunyonya.
- Kutapika kila kitu.
- Degedege.
- Kulegea, kulala kupita kiasi, au kutoamka.
- Kupumua mbiombio au kifua kubonyea.
- Kuhara huku macho yameingia ndani, au kuhara damu.
- Viganja kuwa vyeupe.
- Miguu yote miwili kuvimba.

Angalia tena orodha ya mtoto mchanga. Inasema moto au baridi. Mtoto mchanga mgonjwa sana huenda asiwe na homa wala asilie. Huwa kimya tu, na watu husema, "Huyu mtoto ni mpole." Upole wa mtoto asiyenyonya ni hatari.

Amueni kabla dalili haijaja

Usiku wa dharura si wakati wa baraza. Mtu aliyeshikwa na hofu hawezi kupanga vizuri, na mgonjwa hawezi kushawishi wazee. Kwa hiyo uamuzi ufanyeni mapema, mkiwa mmetulia, ikiwezekana kabla mimba haijafika miezi saba. Kaeni pamoja, wewe, baba watoto na mama mkwe, mkiwa na kijitabu cha kliniki mkononi, mjibu maswali haya sita.

Kwanza, ruhusa. Baba aseme mbele ya watu wa nyumbani, "Ukiona moja kati ya dalili hizi, usinisubiri. Nenda, kisha nijulishe." Maneno hayo yakisemwa mapema, hakuna atakayemlaumu mama kwa kuondoka.

Pili, usafiri. Pata nambari za simu za watu wawili wenye bodaboda, tuktuk au gari, wanaokubali kutoka usiku. Waambie tangu sasa, na mwelewane bei.

Tatu, pesa. Wekeni akiba ya nauli peke yake, katika simu au kwenye chama. Chama chenu kinaweza kukubaliana kuwa na fungu dogo la dharura linalotolewa saa yoyote, na kurudishwa baadaye.

Nne, kituo. Jua zahanati iliyo karibu, na jua pia hospitali iliyo na chumba cha upasuaji na damu. Zahanati nyingi hazina huduma hizo. Kwa shida ndogo zahanati inatosha. Kwa mama anayetoka damu nyingi, muuguzi wa zahanati atamwanzishia dawa na maji ya mshipani, kisha atampeleka mbele. Andika pia nambari ya simu ya kituo.

Tano, wa kubaki na watoto, na wa kufuatana nawe.

Sita, mtu wa kutoa damu. Tafuta watu wawili walio tayari, kwa sababu hospitali huweza kupungukiwa.

Tumia pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini, nao walipewa mikoba yenye vifaa kama vile kipimo cha joto na mashine ya presha. Ukiwa na shaka mchana, mpigie aje akutazame. Lakini ukiwa na dalili iliyo katika orodha, usikae ukimngoja. Ondoka, umjulishe njiani.

Mkiwa njiani

- Mtoto anayeweza kunyonya aendelee kunyonya. Anayehara apewe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole.
- Mtoto mchanga awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe kichwa na mgongo.
- Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji, usimpake mafuta taa, usimmwagie maji baridi.
- Mama anayetoka damu alazwe na afunikwe apate joto. Chukueni pedi na vitambaa vilivyolowa, muuguzi avione, aweze kukisia damu iliyopotea.
- Beba kijitabu cha kliniki na dawa zote alizokunywa mgonjwa, za dukani na za mitishamba. Mhudumu anahitaji kujua ili asimpe dawa zinazogongana.

Mkifika, usikae kimya kwenye foleni. Nenda kwa mhudumu wa kwanza unayemwona na useme dalili yenyewe kwa maneno machache: "Mtoto ana degedege," au "Mama anatoka damu." Usiseme tu, "Anaumwa." Mgonjwa wa hatari hana foleni.

Na ukipimwa ukaambiwa si kitu, usione haya. Hukumpotezea mtu wakati. Kupima na kukuta salama ni kazi yetu pia. Siku nyingine ukiona dalili, rudi tena bila kusita.

Mama, ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo jioni, baada ya chakula, toa kijitabu chako, fungua ukurasa wa dalili za hatari, na uwasomee walio nyumbani kwa sauti. Halafu muulize baba watoto lile swali la kwanza, la ruhusa. Kama yuko mbali, mpigie simu.

Kwaheri kwa leo. Tukutane katika kipindi kijacho.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni dalili gani ambayo watu husema ni ya kawaida, nayo imo katika orodha ya hatari?
2. Mama akianza kutoka damu usiku wa leo, nani ataamua aondoke? Je, mtu huyo anapatikana?
3. Ni nani mwenye gari au bodaboda anayekubali kutoka usiku? Kila mmoja aandike nambari mbili.
4. Chama chetu kinaweza kutenga nini kwa ajili ya nauli ya dharura?
5. Tufanye zoezi: kila mama ahesabu pumzi za mtoto wake kwa dakika moja akiwa mzima, ili ajue kawaida yake.